Mafuta ya Kufukuzia Wageni

Miaka ya tisini nyanya yangu alikuwa na kichupa cha mafuta ya udi na waridi, kilicholetwa kutoka Jeddah, na nyumbani kwetu Galbet kilikuwa cha kufukuzia wageni. Kwetu Wasomali mgeni hupakwa manukato anapoondoka. Nyanya alikupaka kwanza, ndipo ukaondoka. Akikuchoka alikushika mkono akakutia tone moja. Waridi lilitangulia, tamu kama sharubati, kisha udi ukaingia kwa uzito kama baba mkwe. Mtu yeyote wa kwetu angeshukuru na kutafuta viatu vyake.

Karani mmoja wa kutoka bara hakuelewa. Alipakwa, akanusa, akasema hajawahi kupendwa namna hii, akaomba chai nyingine. Kesho yake akarudi, mkono ameshaunyoosha mlangoni. Nyanya alimtazama kama mbuzi aliyeingia jikoni.

"Huyu," akaniambia kwa Kisomali, "atamaliza kichupa kabla ya kumaliza chai."

Siku ya kwenda shule ya bweni nilikatalia mkekani, nikilia nisipelekwe. Nyanya alifungua kichupa, akanipaka mikono yote miwili.