Nyumba Ilikuwa na Mwenyewe

Mimi na Kwandu tumekaa kibaraza kimoja miaka kumi na moja, hapa Bariadi mjini. Mimi nauza uzi, vifungo na zipu, yeye anashona. Ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho, mengine alinieleza mwenyewe huku akikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukawa unakatika.

Alizaliwa Zagayu, kwa wakulima wa pamba, akaolewa Maswa na Bujiku, fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nyumba waliyoishi waliijenga pamoja. Kwandu alichota maji ya kufyatulia matofali akiwa na mimba ya Kasmiri, mtoto wao wa kwanza. Siku moja, Kasmiri akiwa darasa la pili, Kwandu alikuwa jikoni akasikia mtu anagongagonga ukuta wa sebule. Alipotoka alimkuta mwanamume asiyemjua ameshika futi, anapima dirisha.

"Samahani mama," yule mtu akamwambia. "Napima grili. Mzee alisema mtahama mwisho wa mwezi."

Bujiku alikuwa ameshauza. Hakumwambia mkewe hata neno moja. Kwandu alikuja Bariadi na watoto wawili na cherehani, na tangu hapo akawa mpangaji. Amehama vyumba sita ninavyovijua. Mwenye nyumba mmoja alimfukuza kwa sababu cherehani ilikuwa inampigia kelele, mwingine kwa sababu binti yake alikuwa anaolewa na chumba kikahitajika.

Si mtu wa kufoka. Akikasirika hunyamaza, anakunja taya, na mkasi unaanza kusikika kuliko kawaida.

Watoto walipokua wakajitegemea, alianza kutafuta nyumba. Alikuwa ameweka akiba ya fedha za kushona sare za shule kwa miaka mingi. Watu wakamwelekeza kwa Dastan.

Dastan ni dalali. Ofisi yake ni pikipiki nyekundu na faili la plastiki analolibeba kwapani. Siku ya kwanza alikuja kibarazani akamwinamia Kwandu, akamwamkia Kisukuma, "Mwadila mayu," kwa sauti ya mtoto mwenye adabu. Salamu zilipokwisha akageukia lugha yake ya siku zote.

"Mama yangu, tulia. Nyumba Bariadi nzima ziko kwenye simu hii. Wewe sema unataka nini, mimi nakupeleka."

Kila nyumba aliyoonyesha alitoza hela ya kuonyeshwa, ikupendeze isikupendeze. Ya kwanza ilikuwa na ufa ukutani unaoweza kupitisha kiganja. Ya pili ilikuwa bondeni, alama ya maji ya masika bado ipo usawa wa goti, na Dastan akasema ni rangi tu imechujuka. Ya tatu ilikuwa na wapangaji wanne ambao hakuna aliyewaambia kwamba inauzwa. Kwandu alirudi akaniambia, "Yule kijana anasema uongo kama anavyopumua." Nikamshauri aachane naye. Akasema madalali wengine ni walewale.

Ya nne ndiyo ilikuwa ya Luhende. Vyumba vitatu, bati jipya, choo cha ndani, kisima kifupi uani, upande wa kutokea barabara ya Maswa. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Luhende, mwanamume mpole wa kuongea, mfanyabiashara wa choroko na dengu, aliwatembeza mwenyewe. Kwandu alimuuliza swali moja tu.

"Mama mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yupo, ana shughuli zake. Siku ya kuandikishana atakuja," Luhende akajibu.

Dastan akaingilia. "Mama, kuna mteja wa Mwanza anakuja kesho kutwa na pesa taslimu. Nakupa wewe kwanza kwa heshima tu."

Waliandikishana ofisi ya mtaa, mbele ya mtendaji. Nilikwenda kuwa shahidi wa Kwandu. Mke alikuja kweli, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, amevaa gauni la kitenge cha bluu. Mtendaji akamwita Veronica, akaitika. Kabla hajashika kalamu, Kwandu alimwegemea.

"Dada, nisikilize. Umeridhika kuuza? Kama hujaridhika sema sasa, mimi naondoka na sitakulaumu."

Yule mwanamke hakuinua macho. "Nimeridhika, mama."

Akasaini. Jasho lilikuwa linamtoka, akaingiza mkono ubavuni mwa gauni, kwenye mfuko usioonekana, akatoa leso akajifuta. Mtendaji akagonga mhuri. Luhende akalipwa, na Dastan akachukua udalali wake kwa muuzaji na kwa mnunuzi vilevile.

Jumamosi iliyofuata tulipakia vitu kwenye guta. Kitanda, cherehani mbili, masufuria, magunia ya vitambaa. Tulipofika getini, kufuli haikuwepo. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Mwanamke mnene wa makamo akatoka, mikono ina unga wa mahindi.

"Karibuni," akasema, akiangalia guta. "Mnatafuta nani?"

"Tumehamia," Kwandu akasema. "Hii nyumba nimeinunua."

"Umeinunua kwa nani?"

"Kwa Luhende na mkewe."

"Mkewe ni mimi. Naitwa Veronica. Nimerudi jana kutoka Kalemela, nilikuwa namuuguza mama yangu miezi mitatu. Sijauza kitu."

Kwandu alimjia juu kwanza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipandisha sauti. Akasema ana mkataba, ana mhuri, amelipa, mke alisaini mbele ya macho yake, na huu mchezo wa mume kuuza na mke kujifanya hajui anaujua. Veronica alishika mhimili wa baraza, unga ukabaki kwenye mbao. Mlangoni nyuma yake nguo za kuvaa zilikuwa zimetupwa kwenye mifuko mikubwa ya sandarusi. Luhende alikuwa ameshamfungashia vitu vyake.

Kwandu akaiona ile mifuko. Akakatisha maneno katikati. Akamwambia mwenye guta, "Geuza."

Tukiwa njiani alimpigia Dastan, akaweka spika ili nisikie.

"Mama, usibabaike," Dastan akasema. "Wewe una karatasi yenye mhuri. Huyo sasa hivi ni mvamizi kwenye nyumba yako. Nikutafutie vijana wawili, mpaka jioni yuko nje na vyombo vyake."

"Rudia."

"Nasema nikutafutie vijana..."

"Yule aliyesaini ni nani, Dastan?"

"Mambo ya mke na mume sisi hayatuhusu, mama. Sisi tumefuata taratibu."

Akakata. Kwandu akashikilia ile simu mpaka tukafika. Vitu vyake tukavirundika kwenye stoo yangu, na usiku huo akalala kwangu.

Jumatatu alikwenda kwa mtendaji. Mtendaji akamwambia sheria iko upande wake, Veronica atafute haki yake kwa mumewe. Alikwenda kwa Luhende kwenye ghala la choroko. Luhende akasema mkewe ni mkaidi, amwachie siku chache atamwondoa mwenyewe. Kila mlango alioubisha walimpa jibu lilelile, kwa upole, kama watu wanaomsaidia.

Alirudi kibarazani akaketi bila kugusa kazi. Nikamuuliza wamesemaje.

"Wanataka niende na futi nikapime madirisha," akasema. "Mimi, Gloria. Wamenitafuta mimi, kati ya wanawake wote wa Simiyu, nikamtoe mwenzangu nyumbani kwake. Na nilimuuliza yule mwanamke. Nilimuuliza kwa mdomo wangu."

Taya lilikuwa limekaza mpaka mshipa wa shingo umesimama. Akachukua mkasi, akakata kitambaa cha mteja, akakosea, akakitupa. Halafu akanigeukia.

"Alitoa leso wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Yule wa ofisini. Aliingiza mkono ubavuni, kushoto. Ule mfuko ni wangu."

Hapo lazima nieleze. Magauni ya Kwandu yana mfuko wa ndani upande wa kushoto, kwenye mshono, ambao hauonekani kwa nje. Wanawake wa sokoni wanampendea huo, wanaficha fedha na simu. Sijaona fundi mwingine mjini anayeushona. Siku ile ofisini aliuona akafurahi moyoni kwamba anauziwa nyumba na mteja wake, asifikirie zaidi.

Akavuta daftari la vipimo. Tulilipekua wote wawili, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa kila gauni analichora na kubandika kipande cha kitambaa chake. Kitenge cha bluu tulikikuta ukurasa wa mwezi wa tano. Elina. Kifua, kiuno, urefu, na namba ya simu.

Elina alikuwa mhudumu kwenye nyumba moja ya wageni. Tulimkuta anatandika kitanda. Alipomwona Kwandu mlangoni akakaa kwenye godoro kabla hajaambiwa kitu.

"Unanijua," Kwandu akasema.

"Nakujua, mama."

"Siku ile pia ulinijua?"

Elina akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini na tano hivi. "Kaka Dastan aliniambia ni kawaida. Alisema mke yuko mbali, ameshakubali kwa simu, inatakiwa tu mtu wa kukamilisha karatasi. Aliniambia nisiongee sana."

"Mimi nilikuomba uongee. Nilikwambia ukisema hapana naondoka."

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

"Sikuja kusamehe. Nimekuja kukuchukua. Utayasema haya polisi, sasa hivi, kwa miguu yako. Ukikataa nitawaita waje wayasikie hapa mbele ya tajiri wako."

Elina akavaa viatu. Njia nzima alikuwa analia, na Kwandu alitembea mbele yake bila kugeuka hata mara moja. Mimi nilimhurumia yule binti. Baadaye nilipomwambia Kwandu hivyo, tulikaa siku mbili bila kusemeshana.

Maelezo ya Elina ndiyo yaliyogeuza mambo. Luhende alikamatwa mchana uleule ghalani. Dastan walimkosa, pikipiki ilionekana mara ya mwisho ikielekea Lamadi. Veronica na Kwandu walifungua malalamiko pamoja, majina yao mawili kwenye karatasi moja, na karani wa baraza la ardhi akauliza mara mbili kama amesikia vizuri, maana alizoea kuona mnunuzi na mke wakishitakiana. Mtendaji aliitwa kujieleza kwa nini hakudai hata kitambulisho. Alisema alimwamini dalali.

Luhende aliuza choroko zake kwa hasara akarudisha fedha, kwa mafungu mawili. Mkataba ukafutwa. Veronica akabaki ndani ya nyumba yake, na safari hii jina lake likaandikwa kwenye nyaraka. Luhende anaishi kwa kaka yake Maswa. Nimesikia anasema Kwandu ndiye aliyemvunjia ndoa.

Fedha ya udalali haikurudi. Wala hela za kuonyeshwa, wala siku za kazi zilizopotea. Kinachomuuma Kwandu zaidi ya hivyo vyote ni lile jibu la simu, kwamba amtafutie vijana wawili. Analirudia hata leo akiwa anapima mteja mabega, kwa sauti ya chini, mteja anashtuka.

Mwaka huu, kabla ya msimu wa pamba, Dastan alirudi mjini. Faili lilelile kwapani. Kwanza hatukujua. Alasiri moja akapita mbele ya kibaraza chetu akiwaongoza mzee na mkewe, watu wa shamba, wamevaa nguo zao za kanisani. Kwandu alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akaiweka chini, akavuka barabara, akasimama mbele ya yule mzee.

"Mwadila baba. Mwadila mayu. Mnanunua nyumba?"

"Ndiyo," mzee akajibu.

"Huyu aliniuzia nyumba ya mtu. Alimkodi mwanamke akajifanya mke wa muuzaji, akasaini. Mwenye nyumba halisi nilimkuta jikoni kwake anapika. Kesi iko mahakamani na huyu anatafutwa. Mimi naitwa Kwandu, nashona pale. Muulizeni yeyote."

Watu wakaanza kusogea. Dastan akacheka kidogo. "Mama, unaniharibia kazi."

"Ndiyo," Kwandu akasema. "Naiharibu."

Mimi nilikuwa nimeshapiga simu kituoni. Dastan alikimbilia kwenye pikipiki, ila vijana wa bodaboda wa pale kona waliitoa ufunguo, na alikaa hapo juani mpaka askari walipokuja. Ameshapewa dhamana. Kesi imeahirishwa mara tatu.

Kwandu alipata nyumba mwezi wa saba. Haikupitia kwa dalali. Ni Veronica aliyemwambia kwamba majirani zake, mzee Fredrick na mkewe, wanahamia kwa mtoto wao. Kwandu alikwenda kwanza kwa mke, peke yake, akakaa naye jikoni asubuhi nzima. Akauliza nyumba tatu za kushoto na tatu za kulia. Akakagua kumbukumbu za kiwanja ofisi ya ardhi. Akamtaka mke aje na kitambulisho na dada zake wawili. Mzee Fredrick alilalamika kwamba anachunguzwa kama mwizi. Kwandu akamwambia kama hataki aseme, yeye arudi zake kibarazani akashone.

Ni vyumba viwili, haina plasta, sakafu ya saruji ghafi. Ameweka cherehani moja dirishani.

Mchungaji wake alimtembelea Jumapili ya kwanza, akaibariki nyumba, halafu akagusia habari ya Dastan, kwamba kijana amekwenda kwake akitaka wapatanishwe, na kwamba hasira ikikaa sana inamdhuru mwenyewe. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba thermosi ya chai.

Kwandu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kesi imepangwa tarehe kumi na nne, na yeye atakwenda mapema. Kisha akaniomba vikombe.