Mashua Yetu Inaitwa Shemeji

Naandika haya nikiwa katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, Februari 1998. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu nivuke Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo, mimi na mke wangu, tukikimbia vita. Nina umri wa miaka sitini na sita. Mhariri amekubali kulificha jina langu, nami nashukuru, kwa kuwa ninayowaambia ninyi wasomaji sijapata kumwambia mke wangu. Nitamwita Mama Riziki.

Kutoka ng'ambo ya ziwa tulisonga hadi Kenya, nami nikafundisha useremala Lodwar mpaka nikastaafu. Mama Riziki ni binti wa mvuvi, na miaka yote hiyo aliishi mbali na maji kama mtu aliyefungwa. Nilipostaafu tulihamia Longech, kando ya Ziwa Turkana, nikamchongea mashua ndogo ya tanga moja. Hatukuvua samaki. Upepo ulipotulia mchana tulifuata ufuko, tukashuka mahali penye mchanga safi, tukachoma samaki wa kununua, na kabla ya magharibi tukawa tumerudi. Yeye alishika usukani. Mimi nilifua kwa kopo maji yaliyoingia chomboni.

"Ejok, mwalimu," jirani yetu mvuvi, Mturkana, alinisalimu kila siku kwa utani. "Bibi ndiyo dereva, wewe ni mzigo?"

"Mzigo mzito," Mama Riziki alimjibu. "Lakini nimeuzoea."

Kwao Mama Riziki, kwa wavuvi wa Tanganyika, mashua hupewa jina la mtu aliyekuokoa. Wakati wa kuondoka, mshika usukani huliita jina hilo, na aliyemo huitikia, "Tu mikononi mwake." Mama Riziki aliiita yetu Shemeji, kwa heshima ya mdogo wangu, maana ndiye aliyetupatia mtumbwi wa kukimbilia.

Mtumbwi alitupa, ni kweli. Mke wangu alikuwa ameshakaa ndani, amekumbatia furushi la nguo, na mawimbi yalikuwa yanapiga kelele. Mdogo wangu alikuwa nyuma pamoja nami, tunasukuma, maji yametufika kiunoni. Akaniambia sikioni, "Yaya, kaka yangu, ni mimi niliwaonyesha askari nyumba. Yako na ya mkwe wako. Walinipiga. Yako nimewahi kabla yao. Ya mzee, nimechelewa."

Mzee huyo ni baba yake Mama Riziki. Tulikuwa tunaamini amekwisha kutorokea milimani. Nilipanda mtumbwi nikapiga kasia. Tulipofika ng'ambo tukapata habari kwamba mzee ameuawa, na mke wangu akalia, akasema, "Afadhali tumebaki na Shemeji." Ningemwambia nini siku ile? Na baada ya siku ile, ningeanzia wapi?

Kwa hiyo kila tulipoondoka Longech aliita, "Shemeji!" nami nikainama na kopo langu, nafua maji hata pale ambapo hapakuwa na maji. Alidhani ni aibu ya msomi mbele ya mila za wavuvi. Alicheka tu.

Siku moja upepo ulivuma saa ambazo si zake. Kwetu, mawingu yakikaa juu ya milima huwa upepo umekwisha. Mama Riziki aliona mawingu juu ya milima ya ng'ambo, akayasoma kama mawingu ya kwetu, tukaondoka. Tukatupwa kaskazini, tanga likachanika. Akaita jina. Akaita tena, akanigeukia.

"Itikia, Baba Riziki."

Nilifua maji.

"Itikia. Tunakufa na wewe umenyamaza?"

Sikuweza. Upepo ulitusukuma mpaka Todonyang, karibu na mpaka wa Ethiopia, hai lakini tumeloa kama samaki. Askari wa pale walitupa chai kwanza, kisha wakauliza kitambulisho.

"Mzee, nyinyi ni wakimbizi," mmoja akasema kwa upole. "Wakimbizi iko Kakuma. Hapa ni mpaka, siwezi wacha nyinyi."

Tukapandishwa lori. Mashua ikabaki mchangani. Tangu hapo tunaishi Kakuma, na kwenda hata Lodwar, nilikofundisha watoto wa watu, ni mpaka niombe ruhusa. Mama Riziki husimama kwenye foleni ya bomba akitazama mfereji wa maji ukipita kati ya ndoo. Hanilaumu kwa sauti. Aliwahi kusema mara moja tu, "Ungeitikia, tungekuwa Longech."

Juzi Wakongo wapya walifika kambini, na mmoja wao alileta kaseti. Ni sauti ya mdogo wangu, imezeeka. "Yaya, rudia. Serikali ile ya zamani ilianguka. Nyumba iko, michikichi iko, nilikuchungia vyote. Na shemeji arudie, ziwa linamungoja." Mengine hakuyagusa.

Mke wangu ameazima redio ya jirani, anaicheza kaseti hiyo mpaka Wasomali wa mtaa wetu wameanza kuiga maneno yake. Anacheka kama nilivyokuwa nikimsikia kwenye mashua. "Kule najua pepo zote kwa majina," ananiambia. "Nitamfulia Shemeji nguo mpaka nife, bado sitakuwa nimemlipa." Amesema ataondoka mvua zikiisha, nikienda nisipoenda.

Nikimwambia ukweli, nitamuua baba yake mara ya pili, na nitalifuta jina ambalo ndilo lililompa raha uzeeni. Atauliza pia kwa nini nilimwacha aliite miaka yote ile. Nikinyamaza, atakwenda kupika na kufua katika nyumba ya mtu aliyemtoa mzazi wake kwa askari, akimshukuru asubuhi na jioni. Mdogo wangu simchukii, najua walimpiga. Lakini siwezi kukaa mezani kwake nikamsikia mke wangu akimbariki.

Nishaurini, ndugu zangu: nimwambie, au nimwache aende na furaha yake? Nifanye nini? Nitayasoma yote mtakayoandika. Moja tu msinishauri. Mimi kule sirudi.