Kengele ya Ng'ombe Juu ya Ukuta wa Kunming

Sikwenda China kutembea. Nilikwenda kazini, na niliitwa kwa jina langu. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu pale Arusha bado wapo wanaodhani mwanamke akipanda ndege lazima kuna mfadhili aliyemhurumia.

Aliyeniita ni Bi Shen. Biashara huria ilipopamba moto, alikuja mjini kwetu akafungua duka la vipuri vya pikipiki, akajifunza Kiswahili cha kaunta, kile kisicho na salamu ndefu. Siku moja aliniomba nimpandishe Mlima Meru, maana hiyo ndiyo kazi yangu, kuongoza wageni mlimani. Tulipofika mahali panapoitwa Rhino, pale njia inapoanza kupita kwenye ukingo wa miamba, alikaa chini akakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilimshika mkono nikamteremsha hadi kambini. Alilia njia nzima, na kilichomliza si woga bali aibu.

Baadaye alifunga duka akarudi kwao Kunming. Yeye na kaka yake, Wei, walichukua ghala kuukuu la tumbaku ili waligeuze ukumbi wa michezo wa ndani, mchezo wenyewe ukiwa kupanda kuta kwa kamba. Ndipo akanipigia simu.

“Mama Eli, nataka ukuta mmoja uwe Meru. Wewe njoo upange.”

Wei alikubali niende, ila kwa sharti. Ukuta wangu ukifaa, kila mwaka waongozaji wawili kutoka Arusha watakwenda kujifunza kazi ya kamba kwa gharama ya ukumbi. Usipofaa, nitapewa asante na tiketi ya kurudi. Sharti hilo lilinikaa moyoni. Mimi na wenzangu kamba tulikuwa tukiziona kwa wazungu tu. Mgeni wetu akiteleza kwenye mwamba, tulitegemea mikono yetu na Mungu.

Jumapili kabla ya safari nilipanda Olmotonyi, kijijini kwa mama chini ya Mlima Meru, kuaga. Nilimkuta kwenye migomba yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Eti unakwenda kuwafundisha Wachina kupanda ukuta?”

“Ndiyo, mama.”

“Kwani kwao hakuna ngazi?”

Alicheka peke yake, kisha akaenda zizini akamvua ng'ombe wake kengele. Aliifuta kwa khanga akanipa. “Ukifika huko juu, igonge. Nitajua umefika salama.” Usharikani mchungaji aliniombea kwa kirefu, akaitaja China mara nyingi hata watoto wa benchi la mbele wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikaa nimenyoosha shingo kama bibi harusi.

Kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ndege ilitupeleka Addis Ababa, na kutoka Addis tukaruka usiku hadi Guangzhou. Uwanjani pale joto lilinipokea kama mvuke wa sufuria ya ndizi. Ofisa wa forodha aliikuta kengele kwenye begi langu, akaitikisa, na foleni nzima ikageuka. Lugha hatukuwa nayo. Nikaona isiwe taabu, nikalia kama ng'ombe, mlio mmoja mrefu wa kwetu. Alicheka mpaka akavua kofia, akanipisha.

Kunming ni jambo jingine kabisa. Nilishuka kwenye ndege ya tatu asubuhi iliyofuata nikakutana na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, na njia ya kuingia mjini ina mikaratusi pande zote. Nilidhani dereva amenizungusha akanirudisha Olmotonyi. Mlangoni mwa ukumbi Bi Shen alinikumbatia hadharani, jambo ambalo aliniambia si desturi ya kwao.

“Umenenepa,” akasema.

“Na wewe umepungua. Unakula kweli?”

“Sili. Ukumbi unanila mimi.”

Ukumbi wenyewe ulikuwa bado unanukia tumbaku. Ndani walikuwa wamesimamisha kuta za mbao zenye urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, zimejaa matundu ya kufungia vishikio, yaani vibonge vya plastiki ngumu ambavyo mpandaji huvishika kwa vidole na kuvikanyaga. Kuvipanga ndiyo kazi yenyewe. Ukivipanga hivi, mtu anapita. Ukivipanga vile, anakwama. Nilipewa fundi mmoja, Gao, kijana mkimya aliyejua kufunga skrubu huku ananing'inia kama popo.

Siku za kwanza nilifanya kazi kwa raha kubwa. Nilimwelekeza Gao kwa mikono, naye akafunga. Nilipanga msitu wa chini, nikapanga bonde la juu lililo kati ya vilele viwili, nikapanga Rhino, nikapanga ukingo wa mwisho hadi kileleni. Kila nilipoona nafasi kati ya kishikio na kishikio imekuwa kubwa, niliongeza kingine katikati. Na pale Rhino niliongeza zaidi. Miaka yote ya kazi yangu nilikuwa na jambo moja kichwani, kwamba mgeni wangu asikwame wala asianguke.

Wei alileta vijana wa timu ya mji kuujaribu. Wa kwanza alifika juu kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Wa pili alipanda akiwa anatafuna kitu. Walishuka wakasemezana, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

“Wamesema nini?” nikamuuliza Bi Shen.

Aliangalia chini. “Wamesema ni ngazi ya kwenda darini.”

Ngazi ile ile ya mama! Nilikasirika nikatamani niwang'oe vijana wale ukutani kwa masikio. Wei naye hakupoteza muda. Alisema ukuta ufumuliwe, apange mtu mwingine, maana siku ya ufunguzi imekaribia. Niliwaona wenzangu wa Arusha wakiikosa nafasi yao kwa sababu yangu, nikaumia sana.

Asubuhi iliyofuata niliomba siku chache, Wei akanipa shingo upande, nikakaa sakafuni nikiwatazama Gao na wale vijana kwenye kuta nyingine. Wanajaribu, wanaanguka, kamba inawadaka, wanacheka, wanarudi palepale. Nikaelewa nilikosea wapi. Mlimani kwetu kuanguka ni msiba. Kwao kuanguka ndiyo nusu ya mchezo, na ukuta usiomwangusha mtu haumfundishi kitu.

Basi nikaufumua mwenyewe, upande wa kulia wote. Nilipanga upya nikiwa mbaya kama mlima unavyokuwa mbaya alfajiri yenye upepo. Pale Rhino nilimwacha mpandaji na kishikio kimoja cha vidole viwili. Gao aliujaribu, akaanguka, akaujaribu tena, akaanguka tena, akaninyooshea dole gumba huku ananing'inia. Lakini upande wa kushoto niliiacha ngazi yangu kama ilivyo.

“Kaka anasema hiyo itoke,” Bi Shen akaniambia. “Inakula nafasi. Nani atapanda hiyo?”

“Mwambie asubiri siku ya ufunguzi. Kuna desturi ya kwetu ataiona.”

Desturi yenyewe kila mwongozaji wa Meru anaijua. Mnyonge wa msafara hawekwi nyuma. Anatangulizwa, nyuma tu ya mwongozaji, na wenye misuli wote wanafuata mwendo wake. Ukimweka nyuma, atabaki. Ukimweka mbele, mnafika wote.

Siku ya ufunguzi palijaa watu, wakubwa wa mji, wazazi, timu nzima ya wale vijana. Kengele ya mama nilikuwa nimeifunga juu kabisa. Wei alinikabidhi kipaza sauti nimtaje mpandaji wa kwanza, akitarajia nimtaje nahodha wa timu. Nilikiweka chini nikamwendea dada yake.

“Bi Shen, wewe ndiye unatangulia.”

Alipauka. “Mama Eli, mimi niliishia Rhino. Unajua.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Huu ukumbi wangu, sijawahi kupanda hata ukuta mmoja.”

“Ndiyo maana. Vaa mkanda.”

Alivaa. Gao alimshikia kamba kwenye ile ngazi ya kushoto, mimi nikapanda sambamba naye kwa kamba nyingine. Msitu tuliupita vizuri. Tulipofika Rhino aligandamana na ukuta, macho kayafumba. Watu wake wote walikuwa wanamtazama. Nilisikia anaanza kulia kilio kilekile.

“Pole pole,” nikamwambia. “Mguu wa kushoto. Kuna kishikio hapo, nilikiweka kwa ajili yako.”

Aliupapasa kwa mguu, akakipata. Kikafuata kingine, na kingine, karibu karibu, vile vile vilivyochekwa. Alipofika juu hakuipiga kengele, aliing'ang'ania akaitikisa kwa mikono miwili hadi nikaogopa itakatika. Nami nililia, sioni haya kusema.

Baada yake nahodha wa timu alipanda upande wa kulia akaanguka pale Rhino mara tatu mbele ya mkuu wa mji. Na kwenye ngazi yangu ilikuwa imejipanga foleni ya bibi na wajukuu hadi mlangoni. Wei aliitazama foleni ile, akasema maneno machache.

“Anasema ngazi isiguswe,” Bi Shen akatafsiri, bado anahema. “Na anataka majina mawili kutoka Arusha.”

Nilirudi nimevaa fulana ya ukumbi ule, na kuanzia KIA hadi nyumbani Engutoto sikuifunika kwa koti, ingawa kulikuwa na baridi. Mlimani nimejifunza kutomwangusha mtu. Kunming nimejifunza kumwacha mwenye nguvu aanguke. Yote mawili ni kazi moja.

Jumapili nilipanda Olmotonyi. Mama alinisikiliza hadithi yote huku anamenya ndizi, kisha akauliza alichokuwa anakisubiri.

“Na kengele yangu?”

“Imebaki juu, mama. Wamekataa kuitoa.”

Aliutazama mlima uliokaa nyuma ya nyumba yake tangu alipoolewa. “Mimi nimekata majani ya ng'ombe hapo chini maisha yangu yote,” akasema. “Huko juu hakuna aliyewahi kuniita.”

Nilimwambia atafute viatu vizuri. Jumamosi tunapanda, waongozaji wangu wote wapo, na yeye ndiye anatangulia.