Mudathiru na Kompyuta ya Ushirika

Ndugu yangu Mudathiru, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakumwamini mtu. Ukimletea chai, aliuliza nani ameipika. Surua ilimpofusha akiwa na miaka tisa, na tangu hapo watu wa mji wetu wa Kamembe walinisemesha mimi badala yake, hata akiwa amesimama mbele yao: "Ule anataka nini?" Mtu akisemewa hivyo miaka thelathini, hujifunza kushuku.

Alikuwa katibu wa ushirika wa mafundi cherehani, jirani na soko. Kila asubuhi nilimsindikiza ofisini, nikakaa pembeni nikishona vifungo, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Clarisse, makamu wa mwenyekiti, alieneza kwamba barua zote za ushirika naziandika mimi. Mudathiru alitumia programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini, akaisikiliza kwa waya wa sikioni. Clarisse hakuamini kama kuna kitu cha namna hiyo.

Kompyuta ilipoanza kuonya kwamba mfumo wake umezeeka na hautalindwa tena, Clarisse alisema binamu yake aje kuweka mfumo mpya, na akishauweka abaki kuwa katibu. Mudathiru akajibu kwamba atauweka mwenyewe. Mwenyekiti, Mzee Straton, akaamua: Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mbele ya wote. Akishindwa, kiti ni cha binamu.

Siku hiyo walikuja wanachama kumi na wawili, wengine na matope ya umuganda bado miguuni.

"Kwanza atoe ile kitu ku sikio," Clarisse alisema. "Ni nani iko anamusemesha?"

"Ni mashine, Maman Clarisse."

"Tutajua je kama si muntu ndani ya simu?"

Mudathiru akatoa simu mfukoni. "Chukua. Ikalie."

Clarisse aliipokea, akaikalia kweli. Mudathiru akachomoa waya kwenye kompyuta, na sauti ya kike ikajaa chumbani, ikisoma Kifaransa mbio mbio.

"Huyu anasoma ama anafukuzwa?" Mzee Straton aliuliza.

"Nimeizoesha hivyo, Mzee. Ikienda polepole ninasinzia."

Mfumo mpya alikuwa ameuweka tayari kwenye flashi. Hakugusa kipanya; alitembea kwa vitufe tu, kichwa amekiinamisha. Swali moja lilikuwa la hatari: mafaili yabaki, au kila kitu kifutwe. Alipanda na kushuka kwenye majibu mara tatu, akisikiliza, ndipo akabonyeza.

Kisha mashine ikajizima na kujiwasha, na sauti ikakatika.

"Imekufa," Clarisse alisema.

Mudathiru aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, panapotokea hewa ya moto. "Bado inapumua."

Tulikaa zaidi ya saa nzima bila sauti yoyote. Wengine walitoka wakarudi. Mimi nilivuta tasbihi yangu punje moja moja, zikigongana, nikimwomba Mungu, na nilihisi macho ya Clarisse juu ya vidole vyangu.

Hatimaye sauti ilirudi na kuomba nywila. Mudathiru akaandika. Ikakataa. Akarudia polepole, ikakataa. Mara ya tatu vilevile. Herufi za nywila hazisomwi, sauti husema nyota, nyota, nyota. Lakini mimi niliona. Pembeni mwa skrini palikuwa na herufi chache za kuonyesha lugha ya kibodi, na Kifaransa kilikuwa kimegeuka Kiingereza. Kibodi yetu ina A mahali ambapo ile ya Kiingereza huweka Q. Neno moja langu lingetosha, na neno hilo hilo lingempa binamu kiti. Vidole vyangu vikasimama kwenye tasbihi.

Mudathiru akageuza uso kwangu. "Mbona umeacha kuhesabu?"

"Muliona?" Clarisse akadakia. "Banapeana ishara."

"Sijasema kitu," nilijibu.

"Umebadilisha nywila yangu, Dada?"

"Mudathiru, mimi?"

"Nani mwingine anakaa karibu na mashine hii kila siku? Toka nje."

Nilitoka. Nilisimama barazani, mgongo ukutani. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia kila kitu. Ile programu ina amri ya kufanya kila kitufe kitaje jina lake kinapoguswa. Nilimsikia akiviuliza kimoja kimoja.

"Mzee Straton, njoo uweke kidole hapa. Pameandikwa nini?"

"A."

"Bonyeza."

Sauti ikasema Q.

"Basi si mimi niliyesahau," Mudathiru alisema. "Ni yenyewe imehamisha herufi."

Akabonyeza vitufe viwili pamoja, sauti ikataja Kifaransa. Akaandika nywila, na mashine ikafunguka. Mafaili yote yalikuwemo.

"Andika," Mzee Straton aliagiza. "Mkutano wa leo umeongozwa na Mzee Straton."

"Na Clarisse alikuwepo," Clarisse aliongeza.

"Niandike kwamba alikuwa amekalia simu?"

Walicheka wote, isipokuwa Clarisse.

Jioni tukirudi Mudathiru alishika bega langu kama kawaida, akaniuliza kama mawingu yanatoka upande wa ziwa. Hakuomba radhi, wala hakuniuliza niliona nini. Kuanzia Jumatatu alitaka nimwache mlangoni, na nywila akaibadilisha. Alibaki katibu miaka mitatu, bila mtu pembeni yake, mpaka kifua kilipomwondoa mwezi wa Shaabani uliopita. Mimi vifungo nilishonea nyumbani.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya kisomo, Clarisse alikuja na wanawake wawili. Aliketi mkekani, akatoa pole.

"Maman Umwali, batu ba ushirika banaomba ile nywila. Barua zetu zote ziko mule."

"Siijui."

"Dada yake, usiijue?"

"Hakuniambia hata mara moja."

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu, kisha akawatazama wenzake.

"Nitarudi arobaini ikipita," alisema, akifunga kitenge chake. "Pengine utakuwa umekumbuka."