Mtoto Aliyeulizwa Mara Mbili

Siku ya kwanza kazini niliamriwa nisicheke. Ninyi mnaonifahamu mnajua kwamba amri hiyo ni sawa na kumkataza jogoo asiwike. Lakini bosi wangu mpya, bibi wa Kizungu mwenye miwani minene kama vitako vya chupa, alinisimamisha dirishani akanikagua uso kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Karani, uso huu hapana," alisema. Kiswahili chake alikipata vitabuni, kimenyooka kama shati lililotoka kwa dobi. "Mtoto akijibu vizuri, usitabasamu. Akijibu vibaya, usikunje uso. Uwe kama ubao ambao haujaandikwa."

"Hata akinichekesha, Bibi?"

"Hasa akikuchekesha."

Nikaenda kujifunza uso wa ubao kwa kinyozi wangu pale Kariakoo, mbele ya kioo chake, mpaka akaniuliza kwa huruma nimefiwa na nani.

Hizo ni enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini. Nilikuja Dar es Salaam kutoka Kusini, nikapata utarishi, kazi ya kubeba mafaili ya wakubwa kutoka mjini hadi mashuleni. Nilitembea sana, nadhani njia ya Mnazi Mmoja ilibonyea kwa nyayo zangu. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima chini ya taa ya karabai, nikigombea mwanga na kumbikumbi wote wa Tanganyika. Nilipopata cheti nilikitembeza mtaa kwa mtaa kama bwana harusi, hata wauza samaki wakakisoma. Basi Bibi alipokuja kutoka chuo kikuu cha ng'ambo kuchunguza jinsi watoto wetu wanavyojifunza hesabu, akatafuta mtu wa kuwahoji kwa Kiswahili chao, ofisi ikanitoa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya meza tunaweka bilauri mbili zilizolingana, tunatia maji mpaka yalingane. Namwuliza mtoto: "Maji ya bilauri hii na hii ni sawasawa, au moja ina mengi zaidi?" Mtoto anasema sawasawa. Kisha mbele ya macho yake namimina maji ya bilauri moja ndani ya chombo chembamba kirefu, yakapanda juu. Namwuliza tena swali lile lile. Wenyewe waliita uhifadhi wa kiasi, yaani kujua kwamba kitu hakiongezeki wala hakipungui kwa kuhamishwa chombo. Bibi aliamini kwamba mtoto asiyelijua hilo hesabu zake zote ni za kukariri tu, ni nyumba isiyo na msingi.

Na sheria ya kuhoji ilikuwa kali kuliko ya jeshi. Swali lilikuwa sare, kama sare za shule: maneno yale yale, sauti ile ile, kwa kila mtoto. Huongezi neno, hupunguzi, hufafanui. Ukimsaidia mmoja umewadhulumu wengine.

Tulizunguka shule za Kariakoo na Ilala, tukavuka hata kivuko cha Magogoni kwenda kuwahoji watoto wa Kigamboni, mimi nimekumbatia bilauri kifuani kama mtoto mchanga. Kila tulipokwenda, ukiacha mtoto mmoja mmoja, jibu likawa lile lile. Mara ya kwanza sawasawa. Mara ya pili, chembamba kina mengi zaidi. Bibi akaanza kukosa usingizi.

"Hawa ni wa darasa la nne, Karani. Kwetu mtoto mdogo kuliko hawa hakosei hapa. Kuna nini?"

Nikaendelea kukausha bilauri. Ubao hausemi.

Shule ya mwisho ilikuwa karibu na soko. Mwalimu Mkuu wake alikuwa Mchaga kutoka Kilimanjaro, Mkristo wa kanisani kila alfajiri, mrefu mpaka nilidhani anaviona vilele vya kwao akiwa pale pale uani. Alipenda kunitania.

"Wewe mtu wa korosho, leo umekuja kuwamwagia maji watoto wangu?"

"Wewe mtu wa ndizi, ungekuja kwetu tungekumwagia wewe kwanza."

Lakini siku ile alipunguza utani mapema. Alinionyesha msichana aliyekaa dawati la mbele, Mwanaidi, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili. "Huyu," alisema, "ninamfundisha tangu alipokuwa hajui kushika chaki. Hesabu anazimaliza kabla sijamaliza kuziandika. Baba yake ameniahidi: akipata nafasi ya darasa la tano, bweni la wasichana, atamwachia aende. Asipopata, anawekwa ndani."

Ninyi wa leo labda hamjui. Msichana akivunja ungo aliondolewa machoni pa watu, akakaa chumbani kama mwali, akafundwa, mlango ukafunguliwa siku ya harusi. Na nafasi za wasichana za darasa la tano zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Wakati huo huo akaja Mkaguzi wa Shule, bwana mkubwa wa kaptula nyeupe. Alisikia habari za kipimo chetu, akakipenda kupita kiasi.

"Hesabu za ubaoni mtoto anaweza kukariri kama kasuku," alisema. "Kipimo cha Bibi kinaonyesha nani anaelewa. Kwa nafasi za darasa la tano nitatazama vyote viwili."

Bibi alishtuka. "Bwana Mkaguzi, kipimo changu si mtihani. Ni utafiti."

"Kama kinapima," akajibu Mkaguzi, "ni mtihani."

Mwanaidi aliingia kesho yake asubuhi, mikono nyuma, akanipa shikamoo iliyonyooka. Nikamwuliza mara ya kwanza. "Sawasawa, Mwalimu." Nikamimina. Nikauliza tena, maneno yale yale. Aliyatazama maji, kisha akanitazama mimi usoni, akawa anatafuta kitu. Akakuta ubao. Akainamisha kichwa.

"Hii nyembamba ina mengi zaidi, Mwalimu."

Bibi akaandika, Mkaguzi pembeni akanakili. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa kasimama mlangoni, aliondoka bila kuaga.

Alasiri nilikwenda kununua mafuta ya nazi kwa mama yake Mwanaidi, aliyeuza kwenye kibaraza cha nyumba yao. Nikamkuta Mwanaidi anamimina, na mteja mmoja mnene anafoka kwamba chupa yake imepunjwa.

"Shangazi, mafuta ni yale yale," Mwanaidi akamwambia. "Chupa yako ya jana ilikuwa na shingo ndefu, hii ina tumbo."

Nilisimama pale kama nguzo ya simu. Mteja alipoondoka nikamwuliza, "Mwanaidi, mbona asubuhi hukuniambia hivyo?"

"Si ulinikatalia, Mwalimu?"

"Nilikukatalia lini?"

"Nilisema sawasawa. Ukamwaga maji, ukaniuliza tena vile vile, uso umenuna. Mtu mzima akikuuliza tena kitu ulichokwisha kumjibu, si anakwambia umekosea? Nibishane na wewe?"

Mama yake akadakia, "Angebishana ningemchapa mimi mwenyewe."

Nilikimbia, nawaambia, farasi wa gavana asingenifikia. Nikamkuta Bibi, nikamweleza huku nahema: watoto wa huku hawajibu maji, Bibi, wanamjibu mtu mzima. Hakuamini, lakini alikuwa mtu wa haki. Tukawaita watoto wachache wa darasa la pili, ambao hawakuwa katika utafiti. Nikamimina kwanza, nikauliza mara moja tu. Wakajibu sawasawa, mmoja baada ya mwingine, tena wakishangaa kwamba mtu mwenye tai anauliza jambo kama hilo. Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Umeona kitu ambacho mimi sikukiona," alisema.

"Basi tumwulize Mwanaidi upya, Bibi. Mara moja tu."

Alifunga daftari lake la majibu.

"Nikimwuliza yeye upya, lazima niwaulize wote upya, shule zote. Siwezi kumpa mtoto mmoja swali lake mwenyewe. Mwakani nitabadili kipimo. Nitaandika hili katika taarifa, na jina lako nitaliandika."

"Na yeye mwakani atakuwa wapi?"

Akaanza kukusanya bilauri. Lakini nisimsingizie: kesho yake tulikwenda pamoja kwa Mkaguzi, akamweleza kila kitu, akamsihi asiyatumie majibu yale. Mkaguzi alisikiliza huku anachokonoa kiko chake. Alisema uamuzi umekwisha, nafasi imekwenda kwa msichana wa shule nyingine. "Huyo alijibu vizuri mara zote mbili," alisema, kama anayetufariji. Nilikuja kujua kwamba huyo alikuwa mtoto wa nyumba ya misheni, amezoea kubishana na watu wazima wa kila rangi. Simlaumu. Alikuwa na akili zake, akazitumia.

Jioni mimi na Mwalimu Mkuu tukaenda kwa fundi cherehani. Tulimkuta anashona, hakusimamisha mguu.

"Mzee," alianza Mwalimu Mkuu, "mtoto huyu ana akili. Kipimo ndicho kilichokosea. Mwache arudie darasa la nne, mwakani nitampigania."

"Mwalimu, nimewapa serikali mwanangu miaka yote hii," fundi alisema. "Wamempima wao wenyewe, kwa vyombo vyao. Wamesema haelewi. Mimi mshona kanzu nibishane nao?"

"Tunakuambia haikuwa hivyo," nikasema.

"Wewe ndiye uliyemwuliza?"

"Ndiye."

"Basi." Cherehani ikaendelea. Mwanaidi alikuwa ameshaingizwa chumba cha nyuma. Hatukumwona.

Harusi yake nilialikwa, na pilau nililokula siku ile lingetosha kikosi cha askari, maana nikihuzunika nakula. Mama yake alinivuta pembeni, karibu na masufuria.

"Baba, niambie kweli. Mwanangu hana akili?"

"Anazo, mama. Anazo kunizidi mimi na Bibi yangu tukichanganywa."

Alifuta macho kwa upindo wa khanga. "Basi usimwambie. Ameshakubali kwamba hana. Atalala vizuri zaidi."

Nikamwahidi. Mwaka uliofuata kipimo kilibadilishwa, watoto wa Kariakoo wakajibu vizuri, Bibi akapongezwa kwao. Mimi nilipelekwa Tanga, halafu Mwanza, na baada ya Uhuru nikawa msimamizi wa wahoji vijana. Wote niliwafundisha jambo moja kabla ya yote: mwambie mtoto kwanza kwamba unauliza kwa sababu hujui. Wengi waliona ni upuuzi wa mzee. Nilistaafu na saa ya ukutani na hotuba ndefu iliyochosha hata saa yenyewe.

Niliporudi Dar nilimtafuta Mwanaidi. Ni bibi sasa, mama yake alishafariki, naye anaishi Ilala na wajukuu. Nikaona ahadi imekwisha na mwenyewe. Nikamweleza yote, toka maji hadi Mkaguzi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka mpaka khanga ikamwanguka begani.

"Unanifariji tu, mzee wangu. Mimi hesabu zilinikataa tangu utoto. Serikali nzima ilikuja kunipima, leo wewe peke yako useme ilikosea?"

Akamwita mjukuu wake alete daftari la hesabu, babu yupo, amsaidie. Kisha akatuachia meza, akaenda kukaa uani, asitusumbue.