Ndama Aliyekula Kwaya ya Mama

Ndama alikula waya wa hedifoni za mama yangu Jumamosi asubuhi, na kwaya ya mama ilikuwa iimbe redioni siku hiyohiyo saa kumi jioni. Hayo ndiyo yaliyonipokea nilipofika nyumbani Sirisia na mume wangu kutoka Kitale, mkono mmoja mkate, mkono mwingine sukari. Mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, hedifoni ameziinua juu, kipande cha waya kinaning'inia. Ndama alikuwa amefungwa kwenye nguzo na bado alikuwa anatafuna, hana hata haya. Mume wangu alipomwona mama tu, alipinda nyuma ya migomba akapotea.

"Imekula!" mama akanipigia kelele. Siku hizi huongea kwa sauti ya juu, maana mwenyewe hajisikii. "Mayi, imekula kwaya yangu!" Mayi ni mama kwa lugha yetu, ndivyo anavyoniita.

Nilicheka. Halafu nikamtazama usoni, nikaacha.

Masikio ya mama yalianza kumwacha miaka mitano iliyopita, polepole, moja likitangulia lingine. Redio ikiwa wazi anasikia mvumo tu. Zile hedifoni kubwa zenye mito, nilizomnunulia soko la Lwakhakha, ndizo zilizomrudishia taarifa ya habari, mahubiri na matangazo ya vifo, ambayo huyafuata kuliko yote. Zile ndogo za kuchomeka sikioni hazimfai, tulishajaribu. Huzivaa akipepeta maharagwe, huzivaa akipika, redio ikiwa kwenye mfuko wa aproni. Asubuhi hiyo alizitundika uani ili akamue ng'ombe, na ndama akazikuta.

Sasa kuhusu kwaya. Mama ameimba na akina mama wa kanisa lake tangu mimi sijazaliwa. Mwezi uliotangulia walienda mjini Bungoma kurekodi wimbo mmoja, na redio ya huko ikaahidi kuupiga Jumamosi ile, mara moja tu. Kila Alhamisi mama huenda mazoezini, lakini tangu masikio yafifie hajawahi kuisikia kwaya yake mwenyewe. Anatazama midomo ya wenzake na mkono wa mwalimu. "Nikiwa hapo katikati nasikia miguu yao tu," aliwahi kuniambia, "ile wanapiga chini." Alitaka kuisikia mara moja. Ndiyo maana saa tano asubuhi alikuwa tayari amevaa sare ya kwaya, gauni la samawati na kola nyeupe, kwenda kuketi na redio sebuleni kwake.

Mume wangu anauza mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, lakini moyo wake uko kwenye vitu vilivyoharibika. Nyumba yetu huko, mtaa wa Tuwan, imejaa kazi zake. Kuna pasi inayowaka ukiigonga ubavuni, na kuna taa ya sebuleni inayozimwa kwa swichi ya jikoni. Mimi si mtu wa subira, na miaka yote nimemwomba anunue vipya. Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume mbishi.

Shida ilikuwa moja. Kwetu Bungoma mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, hawashikani mikono, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani apishe. Wazazi wa mume wangu walitoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, na kwao mama mkwe hushikwa mkono akakaribishwa chai. Nilipomwoa, maana nasema ukweli ni mimi niliyemfuata, alijifunza heshima ya kwetu kama mtu anayesomea mtihani, akapita alama zote. Wakwe wengine pale kijijini wamelegeza siku hizi. Yeye hapana. Akiona hata leso ya mama imeanikwa, anabadilisha njia. Miaka kumi na miwili ya ndoa, hajawahi kumwambia neno ila kupitia kwangu. Mama naye anajivunia hilo sokoni mpaka aibu naona mimi.

Tukija, yeye hukaa kwenye simba ya kaka yangu, ile nyumba ndogo ya kijana ambaye hajaoa, karibu na lango. Kaka anafanya kazi mbali, kwa hiyo iko wazi. Chakula tunampelekea huko. Basi fundi alikuwa langoni, mgonjwa sebuleni, na katikati uwanja mzima na mimi.

Nikampelekea hedifoni. Akaziweka juu ya kigoda, akatoa wembe, kiberiti na tepu nyeusi ya umeme, vitu ambavyo hutembea navyo kama wenzake wanavyotembea na kitambulisho.

"Haiya," akasema, akiinua mabaki. "Hii ng'ombe yenu ina njaa ya nini?"

Waya wa hedifoni hutoka redioni ukiwa mmoja, halafu chini ya kidevu hugawanyika, tawi moja kwa kila sikio. Ndama alikuwa amemeza pale penye mgawanyiko na kipande kirefu cha juu na chini. Kilichobaki kingetosha sikio moja.

"Tuokoe upande gani?" akaniuliza.

"Wowote. Harakisha."

"Wa kulia," akaamua, uso mzito. "Mama mkwe hapewi kitu kwa kushoto."

Na mimi nikaona amesema vyema kabisa. Hata nikampenda zaidi.

Ndani ya waya ule mna nyuzi nyembamba kuliko nywele, nyekundu, kijani na nyingine za rangi ya shaba. Zimepakwa rangi, na hiyo rangi usipoichoma kwanza, hata ukizifunga namna gani sauti haipiti. Hilo alilijua kwa kuharibu za kwangu mwaka jana. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha huku yeye akipitisha moto wa kiberiti chini yake, sekunde moja, si zaidi, kisha anapangusa masizi kwa ukucha. Uzi mmoja uliungua wote. Mwingine nikaupumulia ukaruka, tukautafuta sakafuni tukiwa tumepiga magoti, vichwa vikigongana.

"Wewe una vidole vya kusonga ugali," akaniambia.

"Na huo ugali unakulanga nani?"

Tulicheka hadi kiberiti kikazimika. Ukweli ni kwamba nilifurahi sana mle ndani. Kitale kila mtu na kazi yake, jioni tumechoka, tunaongea habari za karo na mvua. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa tumeinamia kitu kimoja kwa saa tatu.

Saa tisa na nusu akafunga tepu, akachomeka kwenye redio ya kaka, akavaa. Mabega yakaanza kucheza. "Imekubali!" Nikavaa na mimi. Kulia kulikuwa na mtu anayetangaza mbolea, safi kabisa, kushoto kimya kama tulivyotarajia. Nikakimbia.

Mama alikuwa ameketi wima kitini, redio mapajani. Nikamvika. Akasikiliza huku ametoa macho.

"Bado," akasema.

Nikaongeza sauti. Akatikisa kichwa. Nikarudi mbio simba. Mume wangu akavaa, ikaimba. Nikavaa, ikaimba. Nikavuka uwanja, kuku wakitawanyika, nikamvika mama.

"Kimya, mayi. Imekufa hii."

Safari ya tatu nilikuwa nimevua viatu. Mume wangu alifungua tepu, akafunga upya. Kwake iliimba. Kwa mama ikanyamaza. Akasema basi shida ni redio ya mama, niilete. Nikaileta. Kwake iliimba.

"Redio ni nzuri," akasema polepole. "Hedifoni ni nzuri. Sasa imebaki..."

"Imebaki mama yangu? Ndiye ameharibika?"

"Mimi sijasema."

"Sema! Wewe na kutengeneza kwako! Ningeenda Chwele kununua zingine saa hizo, ningekuwa nimerudi!"

Nilimpigia kelele vibaya, na nilikuwa karibu kulia. Ilibaki dakika tano. Nilimwona mama mawazoni na ile kola yake nyeupe, nikajua ataniambia si kitu, na kwamba hatalitaja tena, na hilo ndilo lililoniuma.

Mume wangu alisimama, akatoka simba, akaanza kuvuka uwanja, mchana kweupe. Nikamfuata na redio na hedifoni mkononi, nimesahau hasira. Alifika ukutani mwa nyumba, chini ya dirisha la sebule, akageuka akaupa ukuta mgongo, macho kwenye mahindi. Akavuta pumzi.

"Mama!" akapaza sauti. "Samahani, Mama! Wewe unasikianga na sikio gani?"

Miaka kumi na miwili, na neno lake la kwanza kwa mama yangu lilikuwa hilo. Na bila shaka mama hakulisikia. Lakini nililisikia mimi, nikabaki nimesimama mdomo wazi.

Kushoto. Mama anasikia kwa sikio la kushoto, kidogo kilichobaki. Kanisani nakaa kushoto kwake. Nikimwita nyumbani nazunguka kushoto kwanza, miguu inajua yenyewe. La kulia lilishakufa kitambo, na hilo ndilo tulilokuwa tumelifungia tepu kwa heshima zote. Yeye asingejua, amemwona mama mgongo tu, akiwa mbali. Lakini mimi je?

"Kushoto," nikasema. "Ni kushoto!"

Bado alikuwa akitazama mahindi. "Si uzigeuze basi."

Uzigeuze! Nusu saa nzima tunakimbia, na dawa yenyewe ilikuwa kugeuza mbele nyuma. Niliingia ndani nikicheka kwa sauti, nikachomeka, nikazigeuza, nikamvika mama kichwani. Alikaa tuli. Kisha mdomo ukafunguka.

"Wanatangaza," akasema. "Mayi, wanatusema!"

Niliinama nikabandika sikio langu nyuma ya ule mto wa kushoto, shavu langu kwenye shavu lake, na nilisikia, kwa mbali, sauti za akina mama wa kwaya zikianza. Mama alinikamata mkono. Ubeti wa kwanza alilia bila kujificha. Alitaja mtu mmoja mmoja kadiri alivyomtambua, huyu wa sauti nene anayeuza nyanya, yule wa juu ambaye ni mjane, na kila aliyemtaja alimchekea kana kwamba ameingia mlangoni.

Ubeti wa pili akanyamaza. Akakunja uso.

"Nani huyu?" akauliza kwa ile sauti yake kubwa. "Kuna mama anaingia mbele ya wenzake. Sikia. Tena hapo. Na tuni hana."

Nilikuwa nimemsikia. Kwa kweli nilimtambua kabla yake, ile sauti niliyokua nayo, imetangulia nusu pumzi na imekwenda pembeni kidogo ya noti. Nilitafuta uongo wa haraka. Sikuupata.

"Ni mimi," mama akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka hadi hedifoni zikamteleza, akazishika kwa mikono miwili zisitoke, akaendelea kucheka na kusikiliza, kila sauti yake ilipokosea akinipiga paja. Nje, chini ya dirisha, nilimsikia mume wangu akiuliza kama inasikika, na hakuna aliyemjibu. Wimbo ukafika mwisho. Mtangazaji akawashukuru akina mama, akapiga tangazo.

Mama akavua hedifoni akaziweka mapajani. Aliipapasa ile tepu nyeusi kwa kidole.

"Miaka mitano," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka mitano naimba hivi, na hakuna hata mmoja ameniambia."

Nilimshika bega.

"Na siku ya kurekodi," akasema, "si waliniweka mbele? Wakasema mimi nikae karibu na maikrofoni."