Kisahani Ambacho Mama Kuvu Hakukitupa

Kacha, kacha, kacha. Mkasi unasikika koridoni kabla mlango wa maabara haujafunguliwa. Ndani, saa mbili asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na sita anakata majani ya msonobari, membamba kama sindano, huku akiimba.

Wenzake wanamwita Mama Kuvu. Ni mfagizi hapa kwa mwaka wa tisa. Kukata majani alijifunza kwa kutazama.

"Jani hili unaliona safi," anasema. "Ndani lina wapangaji. Kuvu wadogo, kodi hawalipi, lakini wapo wanaoilinda nyumba."

Ili kuwapata, jani huoshwa kwa spiriti na klorini, hukatwa, kisha hulazwa kwenye kisahani chenye chakula cha kuvu. Kisahani kisichoota kitu kwa wiki mbili hutupwa, na kutupa ni kazi ya mfagizi.

Kimoja hakukitupa. Alikiziba kwa utepe, akakificha kabatini nyuma ya majani ya chai.

"Jani lile lilitoka kwenye msonobari uliobaki kijani peke yake, wenzake wote wamekauka kwa ugonjwa. Utaniambia ndani hamna mtu?"

Siku ya thelathini na saba akachomoza kuvu mweusi, laini kama manyoya ya kifaranga. Mtafiti mkuu alifoka, kisha akacheka: hilo ni vumbi la kabatini, mama.

Mama Kuvu akang'ang'ania jaribio lirudiwe. Safari hii mtafiti alichukua jani jingine la mti uleule, akaliosha, akaligandamiza kwenye kisahani kimoja, akaliondoa, ndipo akalikata na kulilaza kwenye cha pili. Cha kwanza kikiota kitu, uchafu ulikuwa juu ya jani, na kuvu anakwenda jalalani. Kikibaki kitupu na kuvu akaota kwenye cha pili, anajaribiwa kwenye miche, na Mama Kuvu anauacha ufagio, anakuwa msaidizi wa maabara.

Leo ni siku ya arobaini tangu jaribio lirudiwe. Mlangoni amesimama shemeji yake, mtunza kitalu, buti zimejaa matope. Ugonjwa wa kukausha majani umemlia nusu ya miche yake ya msonobari, lakini utani haujamwisha: watu wanafuga kuku, shemeji yangu anafuga ukungu.

Mtafiti anainua kisahani cha kwanza kwenye mwanga. Kitupu, kinang'aa. Anainua cha pili. Kuvu mweusi ametanda.

"Nilikosea, mama," anasema. "Alikuwa ndani ya jani muda wote. Kwenye kibandiko hiki, andika jina lako."

Mama Kuvu anapiga kigelegele mpaka chupa zinatetemeka. Kisha anavua glavu, anamshika shemeji yake mkono.

"Kesho asubuhi nakuja na ndoo yangu, shemeji. Miche mia mbili, mmoja baada ya mwingine, nitainyunyizia mwenyewe maji yenye kuvu huyu. Na kila siku nitakuja kuitazama, mpaka wewe uchoke kuniona."